Hedi Imerudi Kutoka kwa Mashine, Kazi Bado

Mtu akishalipia hedi kusawazishwa, valvu kusagwa na sili mpya kuwekwa, huona kazi imekwisha, kilichobaki ni kufunga tu. Mimi naona kufunga ndiko penye kazi. Hedi nzima iliyotengenezwa vizuri huharibiwa kwa uchafu kidogo ndani ya tundu la bolti, au kwa alama moja ya taimingi iliyosomwa vibaya.

Tuchukue 5A-FE, injini ya Toyota Corolla za miaka ya 1990 ambazo bado tunapishana nazo barabarani kila siku. Uso wa hedi unaokalia bloku hauruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, wembamba usiofikia unywele. Basi kipande cha gasketi ya zamani kikibaki kimeganda juu ya bloku, pesa ya mashine imekwenda bure. Kikwangue taratibu, bila kuchimba chuma.

Matundu ya bolti ndiyo yanayosahaulika zaidi. Maji au oili ikituama chini ya tundu, bolti ikiingia haina pa kuisukumia, na kimiminika hakibonyei. Spana inaonyesha bolti imekaza, kumbe imekalia maji. Ukiendelea kulazimisha, bloku inaweza kupasuka. Zungushia bisibisi kitambaa, kausha kila tundu, kisha pulizia hewa ukiwa umekinga macho.

Bolti ziko 10: za milimita 90 upande wa hewa inakoingia, za 108 upande wa egzosi. Paka hesi oili kidogo. Anza kukaza katikati ukielekea pembeni, kwa raundi mbili tatu, hadi spana ya toki ionyeshe nyutoni mita 29. Sasa tia kidoa cha rangi mbele ya kichwa cha kila bolti. Zungusha nyuzi 90, zote, kwa mpangilio uleule. Kisha 90 tena, mpaka vidoa vyote vitazame nyuma. Pembe hutumika kwa sababu hapa bolti inavutwa kidogo kama springi, na msuguano wa hesi humdanganya anayetegemea uzito wa spana peke yake.

Kwenye taimingi, wengi huchanganywa na kipimo kimoja chenye kazi mbili. Unapovalisha belti, mkato wa puli ya krankshafti ukae kwenye 0, na tundu la puli ya kamshafti lilingane na alama ya kifuniko cha beringi yake. Ukiuweka kwenye 10, umekosea tangu mwanzo. Belti ikishakazwa, zungusha krankshafti kwa spana, kwa mkono, mara mbili kamili kufuata saa. Kamshafti itakuwa imezunguka mara moja. Alama zisiporudi, fungua uanze upya. Usiijaribu kwa stata.

Namba 10 ina zamu yake injini ikishawaka na kupata moto. Unganisha TE1 na E1 kwa waya kwenye kisanduku cha majaribio chini ya boneti, mulika puli kwa taa ya taimingi bila kukanyaga mafuta, zungusha distribyuta polepole hadi mkato usimame kwenye 10. Kaza bolti yake, kisha mulika tena, kwa kuwa distribyuta husogea wakati wa kukazwa. Chomoa waya.