Zeituni, Alizeti na Ngozi Zetu

Katika msamiati wa Kiswahili yamo maneno mawili ambayo mwanafunzi asiye makini huweza kuyachanganya: halzeti na alizeti. La kwanza ni jina la kale la mafuta ya zeituni. La pili ni jina la mmea ule wenye maua makubwa ya manjano, ambao wakulima wetu huupanda kwa ajili ya mbegu zake. Masikioni, maneno haya ni kama pacha. Juu ya ngozi ya binadamu, mafuta yake si pacha hata kidogo.

Hakuna ubishi kwamba zeituni ina heshima kubwa. Mti wake umetajwa katika Biblia na katika Kurani, na tangu zama za kale mafuta yake yametumiwa kuwapaka wagonjwa na wafalme. Heshima hiyo imewafanya wazazi wengi kuamini kwamba chupa ndogo ya mafuta hayo, inunuliwayo kwa bei ya kuumiza, ndiyo dawa ya ngozi kavu ya mtoto mchanga. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyu amemponya mwenyeji?

Tuanze na sifa zake. Mafuta ya zeituni hulainisha ngozi, hufaa kwa kukanda viungo, na yametengenezewa sabuni mashuhuri katika miji kama Aleppo na Nablus. Wanamichezo wa Ugiriki ya kale walijipaka mafuta hayo, lakini baada ya mazoezi waliyakwangua kwa kifaa cha chuma, pamoja na jasho na vumbi. Hawakulala nayo mwilini. Desturi hiyo, basi, ni ushahidi wa kuisafisha ngozi, wala si wa kuitibu.

Tabaka la juu la ngozi limejengwa mfano wa ukuta: seli ni matofali, na shahamu iliyo baina yake ndiyo saruji. Ukuta huo huzuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie. Mafuta ya zeituni yana wingi wa asidi ya oleiki, ambayo huilegeza saruji hiyo. Mafuta ya alizeti za kawaida yana wingi wa asidi ya linoleiki, ambayo ngozi yenyewe huihitaji ili kuujenga ukuta wake.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa watu wazima 19. Matone 6 ya mafuta ya zeituni yaliyopakwa mkononi mara 2 kwa siku, kwa majuma 4 au 5, yaliudhoofisha ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo. Mafuta ya alizeti hayakuudhoofisha. Idadi hiyo ni ndogo, naam. Lakini mwaka 2005 jarida la Lancet lilikuwa limechapisha utafiti wa Dhaka, Bangladesh, kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi. Waliopakwa mafuta ya alizeti walipungukiwa na uwezekano wa kuambukizwa maradhi hospitalini kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wasiopakwa.

Sisemi zeituni itupwe. Mahali pake panapofaa ni sahanini, ambako faida zake kwa moyo zinajulikana. Kwa ngozi kavu ya mwanafunzi wa bweni, mafuta ya mgando ya bei nafuu yanatosha. Mtoto mwenye ukurutu apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa dukani.

Kwa walimu, hapa pana somo la kufaa darasani. Jina tukufu si hoja, na bei kubwa si ushahidi. Mwanafunzi akisoma kwenye chupa kwamba mafuta fulani ni bora, na azoee kuuliza: yamejaribiwa kwa nani, kwa muda gani, na yakilinganishwa na nini?