Muundo wa Neno na Mbinu za Kulifumbua: Jina "Buswelu" Ubaoni

1.0 Utangulizi

Kufumbua kilichofichwa ni desturi kongwe katika jamii za Afrika Mashariki. Mtegaji hutamka "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", na anayeshindwa hulazimika kutoa mji. Katika kitendawili mfumbuzi huongozwa na maana. Katika michezo ya herufi huongozwa na umbo la neno. Upo mchezo wa ubaoni, ambamo mtegaji huchora vistari kwa idadi ya herufi na mchezaji hutaja herufi moja moja. Upo pia mchezo wa miraba, ulioenea baada ya Josh Wardle kutoa Wordle kwa umma mwezi Oktoba 2021, ambamo mchezaji huandika neno zima la herufi tano na kupewa nafasi sita.

Wengi huamini kwamba michezo hii huamuliwa na bahati au na wingi wa msamiati. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba huamuliwa zaidi na ujuzi wa muundo wa lugha, na kwamba mtoto wa Buswelu, wilayani Ilemela, Mwanza, huja darasani akiwa na sehemu ya ujuzi huo kutoka katika Kisukuma chake.

2.0 Sarufi kama dira ya ubashiri

Mwaka 1951 Claude Shannon aliwataka watu wabashiri matini ya Kiingereza herufi baada ya herufi, akaonyesha kwamba herufi nyingi hubashirika kutokana na zilizotangulia. Ubashiri huo, hata hivyo, hutegemea lugha. Mchezaji wa Kiingereza hushauriwa kuanza na e na t. Akiuhamishia ushauri huo katika Kiswahili atapoteza nafasi zake bure.

Katika Kiswahili herufi ya kwanza kutajwa ni a. Kwa kuwa silabi nyingi ni wazi, kistari cha mwisho karibu kila mara ni irabu. Herufi q na x hazitumiki, na c huandamana na h. Konsonanti mbili zinapofuatana, ama nazali imetangulia (mb, nd, nz), ama kiyeyusho kimefuata (kw, bw, vy), ama herufi mbili zinawakilisha sauti moja (ch, sh, dh). Vighairi hutokana hasa na m ya silabi, kama katika mtu, na maneno ya mkopo, kama daftari na labda. Kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia na -a. Cha mkopo huweza kuishia vinginevyo, kama rudi, jibu na samehe.

3.0 Buswelu ubaoni

Ichukuliwe kwamba mwalimu amechora vistari saba na kusema kuwa ni jina la mahali Mwanza. Mchezaji anataja a, i na o, zote hazimo. Anataja e na u, ubao unasoma: _ U _ _ E _ U. Makosa matatu ni gharama kubwa, lakini yameleta hakika: irabu zote zimekwisha kutajwa, hivyo nafasi nne zilizosalia ni konsonanti.

Hapa Kisukuma kinaingia. Majina mengi ya eneo hilo huanza na bu-: Bugando, Butimba, Buhongwa, Buzuruga. Katika lugha hiyo bu- ni kiambishi cha ngeli kinacholingana na u- ya Kiswahili, kama inavyoonekana katika Busukuma na Usukuma. Mchezaji anataja b na kupata. Nafasi ya tatu na ya nne ni konsonanti mbili. Anajaribu nazali n, anakosa, anajaribu kiyeyusho w, anapata: B U _ W E _ U. Kwa nafasi ya sita anachagua l kabla ya r, kwa sababu Kisukuma hakipambanui fonimu hizo mbili. Tahajia za Kirumba na Buzuruga zinamwonya asiitegemee hoja hiyo peke yake, lakini safari hii imemfaa. Inabaki s.

4.0 Kugawa badala ya kubahatisha

Mchezo wa miraba una mtego wake. Tuseme mchezaji amekwisha kupata _ANDA, na yamebaki maneno sita: banda, ganda, kanda, panda, randa na tanda. Akiyajaribu moja moja, huenda akamaliza nafasi zote sita. Mwenye mbinu ataandika kwanza korti, neno ambalo kwa hakika silo jibu, lakini linapima k, r na t kwa pamoja. Ikionekana mojawapo, jibu limepatikana. Zisipoonekana, ataandika ubapa: b ikionekana ni banda, p ikionekana ni panda, zikikosekana zote ni ganda. Jibu halivuki jaribio la tatu. Jaribio bora, basi, ni lile linaloyagawa mabaki vizuri zaidi, hata kama lenyewe haliwezi kuwa jibu.

5.0 Hitimisho

Lugha ya kwanza ya mwanafunzi imezoea kutajwa darasani kama chanzo cha makosa tu. Mchanganyo wa l na r, unaoweza kugeuza kura kuwa kula, ni kweli na unahitaji kurekebishwa. Lakini mtoto yuleyule anazijua silabi wazi na viambishi vya ngeli kabla ya kufundishwa istilahi zake. Mwalimu anayemwuliza "Kwa nini umetaja b?" humfanya aitamke sarufi aliyokuwa akiitumia bila kuijua, na hapo somo la ngeli huanzia mahali ambapo mwanafunzi amekwisha kufika.