KAMBARE HUZALISHWA KWA SINDANO

Wengi wenu mlinicheka niliposema kwamba likizo ya Agosti nilikesha nikimngojea samaki aliyedungwa sindano. Leo nitawaeleza, kwa maana si uchawi wala si mzaha.

Mjomba wangu ana vidimbwi viwili. Tilapia, yaani ngege, huzaana humo bila kuombwa mpaka wakazidi. Lakini kambare, yule tunayemwita mumi kule kwetu, hukaa na tumbo lililojaa mayai asizae. Sababu ni kuwa kambare wa mtoni au ziwani hungoja mvua kubwa. Maji yanapofurika na kufunika nyasi za kingoni, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, hutoa homoni ya kuyakomaza mayai na kuyaachilia. Kidimbwini hakuna mafuriko, basi tezi haipati amri. Sindano humdanganya samaki kwamba mvua imenyesha!

Ujuzi huu si wa jana. Wabrazili waliutumia miaka ya 1930, na mwaka 1957 Hiralal Chaudhuri wa India akafaulu kuwazalisha karpi wa kwao, ambao nao walikuwa wakigoma kuzaa vidimbwini.

Tulimchagua jike ambaye ukimbonyeza tumbo kidogo, mayai yanatoka. Tukamchinja kambare mwingine wa uzito sawa, tukapasua fuvu na kuitoa ile tezi. Ni kitu cheupe, kidogo kama punje ya wimbi. Tuliisaga katika maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, na saa tatu usiku mjomba akamdunga jike kwenye nyama ya mgongo. Joto la maji likiwa nyuzi 25, mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi. Maji yakipoa, anachelewa. Ndiyo maana nilikesha na kipimajoto.

Asubuhi jike hukamuliwa ndani ya bakuli kavu. Gramu moja tu ina mayai 600 hadi 700. Dume wa kambare hakamuliki kama wa karpi, kwa hiyo huchinjwa ili kupata mbegu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliambiwa nimpanguse jike kwa taulo, nikapangusa kijuujuu, maji yakadondoka bakulini. Kumbe yai likiguswa na maji, kitundu cha kuingilia mbegu hujifunga upesi, na mbegu nazo zikiingia majini huwa na nguvu kwa dakika moja hivi tu. Kesho yake karibu mayai yote yalikuwa meupe, yamekufa. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu kwamba karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa ndani ya bakuli lile.

Mara ya pili nilipangusa mpaka jike akakauka. Tulichanganya mayai na mbegu, ndipo tukatia maji na kuyatandaza kwenye wavu. Baada ya siku moja na nusu vikaanguliwa vijisamaki vyembamba kama nyuzi. Siku tatu huishi kwa kiini cha yai, kisha hutaka kulishwa vidudu vya majini. Vyura huvipenda mno, na vyenyewe hulana, kwa hiyo vikubwa hutengwa.

Mwezi wa Oktoba tuliwauzia wavuvi wa mbuta, ambao huvitumia kama chambo cha ndoana. Nusu ya karo imelipwa. Nusu nyingine ingali inaogelea kidimbwini.