Tumbusi Humtazama Tumbusi
Tumbusi wa Rüppell hutambulika kwa manyoya yake. Unyoya mmoja mmoja wa mgongoni na kifuani umezungushiwa ukingo mweupe, hata ndege mzima akaonekana kama ana magamba ya samaki. Domo la aliyekomaa lina rangi ya pembe. La mchanga ni jeusi. Shingoni ana vinyweleo vichache tu, na hilo linamfaa kiumbe anayezamisha shingo nzima tumboni mwa nyumbu.

Hutaga kwenye majabali, kama yale ya milima ya Gol karibu na Serengeti, au Hell's Gate nchini Kenya. Asubuhi husubiri ardhi ipate joto, kisha huachia hewa inayopanda imbebe bila kupiga mbawa. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000.

Akiwa juu hutegemea macho, si pua, na wala hatafuti mzoga tu: huwatazama pia tumbusi wenzake. Mmoja akishuka, wa pili aliye mbali humwona na kugeuka, wa tatu humfuata huyo. Muda si mrefu mzoga umezingirwa na makumi yao. Sijui wasafishaji wa nyika walio hodari kuliko hawa.

Tabia hiyo hiyo ndiyo inayowamaliza. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe hunyunyizia mzoga dawa ya wadudu akimlenga simba, kumbe tumbusi ndio wanaotangulia kufika, tena kwa makundi. Majangili huwakusudia wao hasa, kwa sababu wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori alipoangushwa tembo. Nchini Botswana, mwaka 2019, mizoga 3 ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi zaidi ya 500 wa aina mbalimbali. Jike hutaga yai 1 tu kwa msimu. Pengo kama hilo halizibiki upesi. Tangu 2015 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) umemweka tumbusi wa Rüppell katika daraja la spishi zilizo hatarini mno, hatua moja kabla ya kutoweka porini.

Kwangu mimi kazi ya kuwaokoa inaanzia bomani. Boma lililozungushiwa uzio imara humzuia simba usiku, na kisasi hakipati sababu. Mzoga wenye sumu ukishaonekana, askari waarifiwe mara moja, wauchome kabla kundi jingine halijashuka. Mwananchi asiuguse, kwani sumu hizo huua watu pia.