Ngombe Asiyeandikwa Halipwi



Wengi wetu ni watoto wa wakulima na wafugaji. Wakati mvua ya mawe inavunja mahindi ao ngombe wanakufa, tunasikia wakubwa wakisema: «Ingekuwa Marekani, serikali ingelipa.» Ni kweli, lakini hailipi bule, tena hailipi kwa machozi. Tutaeleza namna gani inafanyika.

Tutwae mfano wa jimbo la South Dakota. Upande wa magharibi kuko wilaya za majani na ngombe, kama Meade na Perkins. Wilaya, ni kusema kama teritware kwetu. Mwanzo wa mwezi wa 10, mwaka 2013, mvua ya baridi ilinyesha kule, kiisha theluji nyingi na upepo mkali. Ngombe walikuwa wangali katika malisho ya wakati wa joto, manyoya yao ya baridi hayajaota. Walilowana, wakasukumwa na upepo, wakafa kwa maelfu.

Tena siku zile biro za serikali zilikuwa zimefungwa, kwa sababu wabunge wa Washington hawakupatana juu ya bajeti. Na sheria ya kulipa mifugo waliokufa kwa dhoruba ilikuwa imekwisha muda wake tangu 2011. Basi biro hakuna, sheria hakuna. Mfugaji afanye nini?

Walishauriwa hivi: mbele ya kuzika, hesabu. Piga picha. Andika siku na fasi. Ita shahidi asiye wa jamaa. Tunza karatasi za kununua ngombe na za muganga wa nyama. Wengine walihesabu bila kujua kama kuna mtu atakayesoma hesabu ile.

Tarehe 7 mwezi wa 2, 2014, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria mpya. Sheria ile ilirudi nyuma mpaka mwezi wa 10, 2011. Mwezi wa 4 biro zikaanza kupokea maombi. Aliyeandika alikuwa na kitu cha kuonyesha. Lakini katikati ya miezi ile deni halikungoja. Wafugaji wa Montana na wengine njo walisaidia wenzao kwa kuwapa mitamba.

Sasa hesabu yenyewe. Serikali hailipi ngombe wote. Kwanza wanatoa wale ambao wangekufa kwa kawaida katika mwaka. Wanaobaki, wanalipa asilimia 75 ya bei ya soko. Tufanye mfano wetu wenyewe: mtu ana ngombe 200, amepoteza 54. Tuseme kwa kawaida wanakufa 2 kwa kila 100, ni kusema 4. Wanabaki 50. Kama bei ni dola 1.000, kila mmoja analipiwa dola 750, jumla 37.500. Hasara ingine sherti aibebe mwenyewe.

Nani anachunguza? Kuko kamati ya wakulima, waliochaguliwa na wakulima wenzao kwa miaka 3. Ni vizuri, maana jirani anajua zizi lako, ni nguvu kumudanganya. Lakini jirani anaweza pia kupendelea ndugu yake. Njo maana kamati haitoshi bila karatasi.

Na sisi? Hatungoji dola za Washington. Lakini likizo inakaribia. Tukifika nyumbani, tutwae kaye moja, tukae na baba na mama, tuandike: ngombe wangapi, mbuzi wangapi, waliozaliwa, waliokufa na sababu, magunia ya kila shamba. Mzee akiuliza: «Ya nini, nani atatulipa?», tumueleze kwa heshima habari ya South Dakota. Hata kule, siku ya kuhesabu, hakukuwa mtu wa kulipa.

Kalamu hatukufundishwa kwa ajili ya mtihani wa serikali peke yake.