Kazi Inabadilika: Mama, Utaipata Wapi Saa ya Kujifunza?

Zamani msichana aliyejua kupiga chapa na kuandika hatimkato hakuwa na hofu ya kukosa kazi. Wengi walisomea Chuo cha Uhazili Tabora, na walipohitimu walikaa mbele ya mashine za taipu katika wizara, mashirika na makampuni. Kwa kazi ya vidole vyao walisomesha watoto na kujenga nyumba. Kisha kompyuta ikaingia maofisini. Wakubwa wakaanza kuandika barua zao wenyewe, na karatasi za kaboni na stensili zikatoweka makabatini.

Hata hivyo, si makatibu muhtasi wote waliokosa kazi. Waliojifunza mapema kutunza kumbukumbu kwa kompyuta na kuratibu mikutano walibaki, na wengine wakapanda vyeo. Aghalabu tofauti kati ya aliyebaki na aliyeondoka haikuwa akili, bali nafasi ya kujifunza.

Mawingu yanayoonekana leo

Kompyuta ilikuwa mwanzo tu. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Leo mtu hulipia umeme na ada bila kuonana na karani yeyote. Mtumishi wa umma huomba likizo na uhamisho katika mfumo wa kompyuta uitwao ESS, na utendaji wake hupimwa kwa PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitokea ChatGPT, na watu wengi wakaanza kuzoea akili mnemba: programu inayoandika barua, kufupisha taarifa na kutafsiri kwa muda wa kunywa chai.

Dalili ya mvua ni mawingu. Chukua karatasi, uandike kazi zote unazofanya kwa juma moja. Weka alama penye zile unazozirudia kwa namna ile ile kila siku, kama kunakili majina au kujumlisha tarakimu. Hizo ndizo zitakazotangulia kukabidhiwa mashine. Kisha tazama zilizobaki: kumtuliza mteja aliyekasirika, kugundua kwamba hesabu haziafikiani na kuuliza sababu, kumwelekeza mgeni kazini. Hizo ndizo za kuzikuza.

Na hata mashine hiyo inahitaji mtu wa kuikagua. Akili mnemba yaweza kuandika jambo la uongo kwa maneno mazuri kabisa. Anayeijua kazi yake vizuri ndiye atakayeliona kosa. Lakini usiiandikie siri za wateja, wagonjwa au wanafunzi.

Tatizo ni saa, si akili

Kijana asiye na familia akitoka kazini anaweza kwenda darasani. Mama akitoka kazini hugombea daladala, hufika nyumbani akakuta jiko linamngoja, madaftari ya watoto yanamngoja, na sare za kesho bado hazijapigwa pasi. Anapokaa, ni saa nne usiku, na macho yamechoka. Kumwambia mama huyu "jiendeleze" bila kumpunguzia mzigo ni kumwongezea mzigo mwingine.

Kwa hiyo jambo hili lianzie nyumbani. Zungumza na mume wako wakati wa utulivu, si wakati wa ugomvi. Mweleze kazini kunabadilika nini, na mkadirie pamoja: mshahara wako ukikoma, ni ada ya nani itakayokwama? Akiona kwamba ni suala la nyumba nzima, itakuwa rahisi kukubaliana jioni mbili kwa juma ambazo wewe huingii jikoni. Watoto wakubwa, wa kiume kwa wa kike, wapike na kuosha vyombo. Baba akague madaftari. Chakula kisipokolea chumvi siku ya kwanza, kileni, watazoea.

Saa ikipatikana, itumie kwa mpango. Kwanza muulize mwajiri kama kuna mafunzo ndani ya saa za kazi. Pili, ulizia kozi fupi za VETA zilizo karibu nawe. Tatu, jifunze jambo moja kwa mwezi, na liwe lile utakalolitumia kesho yake. Mathalani, kupanga hesabu kwa Excel. Usione haya kufundishwa na binti wa rika la mwanao. Naye ana mengi ya kujifunza kwako kuhusu watu na kazi.

Jua haki yako kabla ya dhoruba

Wakati mwingine mtu hujifunza, na bado kazi ikapunguzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kuwaachisha. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa isivyo halali apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huja na machozi baada ya muda huo kupita.

Usitie saini karatasi usiyoielewa. Omba kwenda nayo nyumbani uisome. Tunza mkataba wako na hati za mishahara mahali pamoja. Kama uko NSSF, kagua michango yako mara kwa mara, kwa maana kukatwa mshahara si ushahidi kwamba fedha zimefika.

Tena wekeni akiba, hata ndogo, kwenye VICOBA au benki, kwa ajili ya miezi ya kutafuta kazi nyingine.

Juma hili, vyombo vikishaondolewa mezani, kaeni wewe na mume wako na kalenda. Chagueni jioni hizo mbili, mziandike, na watoto wazione.