Nani Anaishika Sauti ya Piano?

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, na wewe wa nyuma usisinzie. Hii si hekaya. Misafara iliyotoka Ujiji ilipita hapa kwetu Tabora, na Wanyamwezi wengi walibeba pembe za ndovu mabegani, wakitembea miezi hadi Bagamoyo. Pembe zilivushwa Unguja, kisha zikapakiwa merikebuni mpaka Connecticut, Marekani. Huko, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zilichanwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani chini ya vioo ziwe nyeupe, halafu zikabandikwa juu ya vitufe vya piano.

Mtadhani basi utamu wa piano umetoka kwenye pembe zetu. Hata kidogo! Kitufe hakiimbi. Kikibonyezwa, kinarusha kinyundo kilichovishwa sufu, nacho kinagonga nyuzi za chuma. Na nyuzi hizo zimekazwa kwelikweli: piano kubwa ya ukumbini inazo zaidi ya 200, na mvuto wake wote unafika tani 20 hivi.

Mvuto huo nani ataukabili? Zamani kazi hiyo iliachiwa mbao, nazo zilipinda, nyuzi zikalegea. Mwaka 1825 fundi wa Boston, Alpheus Babcock, alipata hataza ya fremu ya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kipande kimoja. Mwaka 1843 Jonas Chickering, wa mji huohuo, akapata yake kwa ajili ya piano kubwa, zile ambazo nyuzi zake hulala.

Sasa tegeni masikio. Mnalijua zeze: fimbo, uzi na kibuyu. Uzi peke yake hausikiki vizuri. Kibuyu ndicho kinachotikisa hewa. Fimbo ikiwa laini, mtikisiko unapotelea humo na sauti inakatika upesi. Kwenye piano, ubao mwembamba wa mti wa sprusi ndio kibuyu, na fremu ya chuma ndiyo fimbo. Kwa kuwa fremu ni nzito na ngumu, haikubali kutikisika ovyo; nguvu ya kinyundo inabaki kwenye uzi, ikivuja kidogo kidogo kupitia kidaraja cha mbao hadi kwenye ubao. Kidogo kidogo, nasema! Ubao ukiifyonza haraka, sauti inatoka kubwa lakini fupi. Ukiifyonza taratibu, sauti ni ya upole na inadumu. Fundi hutafuta pa kusimama kati ya hayo mawili, na kwangu mimi hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Ndiyo maana skrubu na bolti si vitu vya kudharau. Fremu hukazwa pembeni kwenye mwili wa piano. Katikati hushikwa na bolti zinazopita kwenye matundu ya ubao wa sauti bila kuugusa. Bolti ikiugusa, au nati ikilegea, noti fulani itakwaruza, na mwenye piano atalaumu nyuzi bure.

Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kuanzia 1990, na vitufe vya piano mpya hufunikwa kwa plastiki. Sauti haikupungua hata chembe. Wapigaji wa zamani wana lalamiko moja tu: mikono ikitoa jasho, plastiki inateleza.